Kooni Huonekana Wakati wa Kurudi

Enzi za Wabelgiji, kila Jumapili treni ya matembezi iliondoka ng'ambo ya kushoto ya Kisangani kwenda Ubundu, imejaa wazungu wasio na mgonjwa wa kumtazama wala mzigo wa kupeleka. Walikuwa wanakwenda kuangalia maji. Ndiyo, maji. Na walilipa.

Papa Hemedi ndiye aliyewahudumia. Alivaa koti jeupe, akagawa limonadi na bia ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuionja, na treni ilipokaribia pale mto unapobanwa na kuta mbili ndefu za mawe na kuanguka kwa ngurumo, akagonga kikengele na kuonyesha madirisha ya kushoto: “Mesdames, messieurs, à gauche!” Watu wa reli walipaita Kooni. Mtumbwi haupiti pale, njia ya miguu hakuna; Kooni unapaona kwa treni au hupaoni. Na mzungu aliyezidiwa na bia akaamka mawe yameshapita, Hemedi alimtuliza: “Si neno, patron. Utaona wakati wa kurudi.”

Mkewe, Zaina, ndiye aliyelifua koti lile. Nyumba yao ilikuwa kando ya reli, sufuria zikitetemeka kila treni ikipita, lakini yeye hakuwahi kupanda hata mara moja. “Koti hili limetembea kuliko mimi,” alikuwa akisema, akilikung'uta kwa nguvu kama linalochapwa kwa kosa.

Mkesha wa uhuru Hemedi alirudi nyumbani kifua mbele.

“Mama Safi, sasa ni zamu yetu. Première, daraja ya kwanza! Wewe dirishani, mimi pembeni yako, na koti linabaki hapa.”

“Na kikengele atagonga nani?”

“Tutatafuta muzungu mumoja mwenye adabu.”

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Basi uhuru ukafika, na treni ya matembezi ikafa. Reli ikabeba askari, kisha chumvi, kisha askari wengine wa kuwafukuza wale wa kwanza. Hemedi akawa mtu wa kufagia mabehewa. Kila Zaina alipomkumbusha ile première, alijibu kwamba mambo yakitulia, watakwenda. Mambo hayakuwa na habari hiyo.

Waasi walipouchukua mji, madaktari wakatawanyika, na ndipo miguu ya Zaina ikaanza kuvimba. Pumzi ikawa ya kukopa. Usiku alilala ameketi.

“Hospitali haina hata mutu wa kunidanganya kwamba nitapona,” alimwambia mumewe. “Unipeleke Ubundu kwa Safi, mutoto wangu anioshe miguu. Na njiani nione Kooni. Hiyo tu, Papa Safi. Niione, kisha sitakusumbua tena.”

Treni pekee iliyokuwa ikienda Ubundu ilikuwa ya wapiganaji wa hao waasi, na mkubwa wao alikuwa René wa Yanonge. Ndiyo, yule yule René aliyekuwa akiuza samaki wakavu sokoni na kuwaficha chini ya fungu wale walioingia funza. Sasa kichwani alikuwa na ngozi ya chui.

“Mwanamuke?” René alishtuka. “Papa Hemedi, dawa yetu haitaki mwanamuke karibu!”

“Iko mugonjwa, komanda. Alikuwa anakupa ugali wakati samaki yako haijauzwa.”

René alikuna shingo. “Bon. Behewa ya mwisho. Mutu asimuguse. Na madirisha ya upande wa mto yote yafungwe. Muganga ametunyunyizia maji ya dawa, risasi isituingie. Tukiona maji inaanguka mbele ya vita, dawa nayo inaanguka. Wakati wa kurudi, mufungue tu, mutazame mpaka muchoke.”

Basi Zaina akapanda première, ndiyo iliyokuwa behewa la mwisho, amevaa kitenge cha Idi, akakaa kwenye kiti cha velveti kilichotafunwa na panya. Dirishani, kama alivyoahidiwa. Mbele ya uso wake, mbao zimefungwa. Mlangoni, mpiganaji na bunduki.

Treni ilikwenda kwa kusitasita. Mara Hemedi akaisikia ile ngurumo, kwanza miguuni kabla ya masikioni.

“Tumefika, Mama Safi. À gauche.”

Zaina aliweka kiganja juu ya mbao. Zilikuwa zinatetemeka. “Inafanana na nini?”

“Wee! Hapo wote wanasimama. Wananyamaza. Madame mumoja upepo ulimuvua kofia, akapiga makofi kama mutoto. Bwana mumoja munene, jasho imelowesha shati mpaka mukanda—”

“Papa Safi. Nakuuliza maji, unanieleza mashati.”

Hemedi akayatafuta maji hayo kichwani mwake. Wazungu wakikimbilia dirishani, kazi yake ilikuwa kulinda glasi zisianguke mezani. Miaka yote ile aliona migongo. Kwenda migongo ya kushoto, kurudi migongo ya kulia. Kooni yenyewe hakuwahi kuiona.

Mkono wake ulikwenda kwenye komeo la mbao. Upenyo wa vidole viwili tu ungetosha.

“Papa!” mpiganaji akasema, na bunduki ikanyanyuka.

Hemedi aliushusha mkono. Akamwinamia mkewe, na maneno yaliyotoka yalikuwa yale yale, laini, yaliyozoea kinywa: “Si neno. Tutaona wakati wa kurudi.”

“Sawa, papa,” Zaina akasema, kama mtu anayempa mgeni haki yake. Kiganja hakukiondoa kwenye mbao mpaka zilipoacha kutetemeka.

Alikufa Ubundu, kichwa mapajani mwa Safi. Walimwosha, wakamvika sanda, wakamzika kabla jua halijatua.

Treni ikarudi Kisangani. Wapiganaji waliokwenda wakiimba walirudi kimya, na hawakuyajaza mabehewa. Madirisha yalikuwa wazi yote. Hemedi alikaa première, kiti cha pembeni. Cha dirishani alikiacha.

Ngurumo ilianza miguuni. Kinywa chake, bila kumwomba ruhusa, kikaelekeza kulia: “À droite.”

Wakasimama wote. Waliokuwa wanachechemea wakachechemea mpaka dirishani, wakabanana, wakanyamaza. Hemedi akaona mashati yaliyopasuka, shingo, bandeji.

“Papa Hemedi, njoo uone!” René aliita bila kugeuka. “Mungu wangu, njoo!”

Mpiganaji mmoja, mkono umefungwa kwa tambara, alishika kile kiti kitupu apate kusimama juu yake.

“Papa, hapa kuko mutu?”

“Kuko mutu,” Hemedi akasema.

Yule akakiacha, akajipenyeza kwingine. Chupa ilikuwa inabingirika sakafuni, ikigonga huku na huku. Hemedi akainama, akaishika isivunjike, akakaa nayo mpaka migongo ilipoanza kurudi vitini.