Vipande Viwili vya Yunusi

Siku Yunusi alipofariki kwa malaria, mwezi wa pili mwaka 2006, ndoo yake ya maji ya chumvi ilikuwa na miezi minne uvunguni. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu upesi, cha mabomba ya baharini, vya aina mbili tofauti, kila kimoja kimekatwa na kuungwa tena kwa mkono wake.

Alikuwa amefukuzwa kazi ya kuchomelea mabomba huko pwani. Bomba aliloliunga lilitobolewa na kutu, wakasema fundi mbovu. Yeye alishikilia kwamba aina ile haistahimili moto wa kuchomelea kama aina nyingine. Injinia wa kazi hiyo, Fransisko, akampa vipande hivyo aviunge.

“Viloweke miezi sita. Kikishika kutu kimoja, kosa ni la chuma, nami nitaandika barua kukusafisha. Vikishika vyote, kosa ni lako.”

Fatu, mkewe, alikaa eda nyumbani Nachingwea akiitunza ndoo. Kila Ijumaa alibadili maji, chumvi akaipima kwa kikombe kilekile cha marehemu.

Siku ya arobaini akaja Mwanabibi, mtani wao, akachungulia uvunguni.

“Jamani, marehemu katuachia supu ya vyuma. Na mjane hata kuosha vyombo hajui. Ona ukoko huo!”

Watu wakacheka. Fatu naye alicheka, lakini yalimchoma. Kazi ya Yunusi isingefika kwa injinia ikiwa na uchafu. Walipoondoka, alivitoa vipande, akavisugua kwa stilwaya ya masufuria mpaka vikang'aa, akavirudisha majini.

Wiki tatu baadaye Rahimu, mdogo wake Yunusi, alikuja kuvichukua. Vyote viwili vilikuwa vyekundu.

“Shemeji, uliviosha?”

“Kwa stilwaya.”

Rahimu alikaa chini. Kaka yake alikuwa na brashi ya kusugulia stenlesi tu, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Chuma cha kawaida kikiisugua stenlesi huacha unga wake, na unga huo ndio hushika kutu.

Alivipeleka hivyohivyo kwa injinia, akaeleza yote. Akarudi baada ya siku mbili.

“Anasema huenda ni stilwaya, huenda ni mkono wa kaka. Hawezi kujua, kwa hiyo haandiki.”

“Si atoe vipande vingine?”

“Vipande vipo, shemeji. Ataviunga nani?”



Eda imekwisha. Ndoo ile sasa Fatu anachotea maji bombani.