Kache Alizikwa Kwao

Habari za kufa kwa mke wangu zilinikuta juu ya paa. Nilikuwa nikikwangua theluji kwa beleshi la mbao, maana paa la makuti halikuumbwa kubeba mzigo, na kila asubuhi ilinibidi nipande niliondolee ule uzito mweupe kabla haujavunja fito. Jefwa akaja akasimama chini, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Mzee Kitsao, shuka."

"Sijamaliza."

"Shuka tu, mzee. Simu. Ni Kamande, kutoka Bofa."

Kamande ni Mkikuyu, karani wa hoteli ya pale Bofa, mtu mwema, lakini si mtu wa kupiga simu ng'ambo kuuliza hali. Nikajua. Ngazi nilishuka bila kuiona.

Niseme kwanza nilifikaje huko, watu wasije wakadhani nilikwenda kutembea. Bwana Renzo, Mtaliano, alikuwa na hoteli mbili: moja Bofa, ambayo makuti yake niliyaezeka mimi, na nyingine kwao, juu milimani, katika kamji ambako watu hufunga mbao miguuni wakateleza juu ya theluji toka kileleni hadi bondeni, kisha wakapandishwa tena kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya, wateleze tena. Hiyo ndiyo kazi ya mji mzima. Hakuna anayelima, hakuna anayechunga. Bwana Renzo akapata wazo kwamba hoteli yake ya huko nayo iwe na baa ya makuti, wageni wanywe wakijihisi wako Kilifi. Makuti yakapakiwa kwenye meli Mombasa, na mimi nikapakiwa kwenye ndege. Mwaka wa themanini na nne huo.

Sikutaka kwenda. Kache alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakimjia na kumwacha. Lakini chifu wetu aliniita mbele ya watu. "Kitsao, acha ujinga. Unaitwa Ulaya, wewe unawaza tumbo la mke? Ukikataa, nani atatuletea mgeni mwingine hapa?" Watu wakacheka. Chifu alikuwa akila chakula cha mchana hotelini kila Ijumaa, na hakuwa akilipa, kwa hiyo mnaelewa alikuwa akimtetea nani. Nikaambiwa ni miezi miwili, mpaka baa iishe. Baa ikaisha. Nikaambiwa nibaki mpaka theluji iishe. Theluji ya mwaka huo ikaisha nikiwa napaka rangi madirisha, na ya mwaka wa pili ikaanza kabla sijajua ile ya kwanza ilikwenda wapi. Paspoti yangu ilikuwa kwenye kasha la chuma ofisini, eti isipotee.

Jefwa, kijana wa Muyeye aliyeletwa kuosha masufuria, ndiye aliyekuwa mwenzangu. Mji ule aliupa jina Kaloleni ya Baridi, kwa sababu na kwetu Kaloleni ni kupanda mlima. "Tofauti ni moja tu, mzee," aliniambia. "Kaloleni mtu akianguka, amelewa. Hawa huanguka wakiwa na akili zao, na wamelipia."

Mchana kazi yangu ilikuwa kwenye vile viti vya waya. Kiti huja hakisimami. Mimi nakishika, mgeni anakaa, nakiachia. Kiti, mgeni, kiti, mgeni. Jioni navishwa kikoi na shanga za shingoni nisimame ndani ya baa nipigwe picha, nje maji yameganda kwenye mifereji. Hiyo ndiyo riziki niliyoipata.

Basi nikashika simu. Wageni walikuwa wamejaa pale mapokezi, wanapiga viatu vyao vizito sakafuni kukung'uta theluji.

"Mzee Kitsao," Kamande akasema, "pole sana. Mama ametuacha. Jana, pale hospitali ya Kilifi. Lile tumbo." Kisha akasema, "Shemeji yako yuko hapa. Amenishika shati, anataka simu."

Nikasikia simu ikinyakuliwa. Mwambire, kaka mkubwa wa Kache, mtu wa Ganze.

"Ala! Kumbe u hai, Mzungu?"

"Shemeji, usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Dada yangu ameumwa mwaka mzima, wewe uko juu ya mlima unabembeza watu kwenye viti. Nambie, unakuja au huji?"

"Nakuja."

"Lini?"

 Jefwa alikuwa amesimama karibu yangu, akaninong'oneza, "Sema keshokutwa, mzee."

Kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe. Lakini mume ndiye hulianza kaburi. Hupiga jembe la kwanza kwa mkono wake, ndipo vijana wachimbe. Asipolipiga yeye, hakuna wa kumpigia, na kaka za marehemu wana haki ya kumbeba ndugu yao wakamzike kwao, kama msichana ambaye hakuolewa. Hilo likitendeka, ndoa imefutwa. Miaka yote ile ya kupika, kuzaa na kugombana inakuwa kama haikuwapo. Sikuwa na mtoto wa kiume. Nilikuwa na Dorcas tu, naye ameolewa.

"Shemeji, msimguse," nikasema. "Nakuja kwa mguu wangu. Nakuapia. Asizikwe mpaka nifike."

"Neno lako?"

"Neno langu."

Mwambire akavuta pumzi. "Haya. Leo Ijumaa. Atalala pale chumba cha maiti mpaka Jumatano. Jua la Jumatano likizama hujafika, tunamchukua. Usiseme hukuambiwa."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Renzo na nguo zangu za theluji. Siku ile barabara ilikuwa wazi. Basi la bondeni lilikuwa likiunguruma pale nje, na dereva nilikuwa nikimwona kwa dirisha, anakunywa kahawa. Naomba mlikumbuke hilo basi.

Bwana Renzo hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisimama akanishika bega, akasema kwa kile Kiswahili chake, "Pole, Kitsao. Pole sana. Lakini kesho mashindano, wageni mingi. Nani shika viti? Jumapili wageni nakwenda. Jumatatu wewe nakwenda. Tiketi mimi nalipa."

"Bwana, nipe paspoti yangu leo. Basi hilo hapo."

"Jumatatu." Akanipapasa bega. "Yeye kwisha kufa, Kitsao. Hapana kimbia tena."

Nikasimama. Mtu mzima, mume wa mtu, nikasimama mbele ya meza ile kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau ametumwa nini. Basi likaondoka.

Jumamosi nikashika viti. Jumapili theluji ikaanza asubuhi, si ile ya kudondoka kama sufi ya msufi; hii ilikuja kwa upepo, ya kuziba macho. Tukasikia mngurumo. Nilidhani ni lori. Kumbe ni upande mzima wa mlima umeporomoka, umelala juu ya barabara, juu ya nguzo za simu. Jumatatu Bwana Renzo mwenyewe akaniletea paspoti na tiketi mkononi, amevaa sura ya msiba. Nikazitia mfukoni. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa njia.

"Watalima lini barabara?" nikamuuliza.

"Wao najua. Serikali."

Serikali yao nayo, basi. Kila mahali kuna mkubwa, na kila mkubwa ana mkubwa mwingine wa kumsingizia.

Nikamwambia Jefwa nitashuka kwa miguu. Akanishika koti. "Mzee, utakwenda wapi? Hata wao waliozaliwa humu hawashuki. Ukifia humo nani atakuchimbua? Watakuona mwezi wa sita, umekauka kama samaki wa ng'onda." Niliondoka hata hivyo. Nikafika ukingo wa mji, mguu ukazama hadi paja, wa pili ukazama hadi kiunoni, nikawa siendi wala sirudi, mpaka Jefwa na mpishi wakaja kunivuta kwa kamba.

Jumanne helikopta ikaja. Wakati ule nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kulikuwa na mgeni aliyevunjika mguu siku ya mashindano, tajiri wa mjini, na wenyewe wamemwitia ndege kwa redio. Nikavaa viatu vyangu vya Kilifi, nikabeba kifurushi, nikaenda kusimama pale uwanjani. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: jioni niwe mjini kwao kwenye ndege kubwa, nilale angani, Jumatano mchana niko Mombasa, jua halijazama niko Kilifi.

Wakampandisha yule mgeni kwenye machela. Mkewe akapanda. Mbao zao za kuteleza zikapanda, zimefungwa kwa ukanda, zikalazwa kwenye kiti. Kiti kizima, zimelazwa mbao.

"Bwana," nikamwambia Renzo, nikipaza sauti juu ya ule mlio, "pale pana nafasi."

Akamwendea rubani. Wakasema. Rubani akanitazama, akatikisa kichwa. Renzo akarudi. "Anasema ndege ya wagonjwa tu. Sheria."

"Na zile mbao zinaumwa?"

 Sijui kama alinisikia. Upepo wa panga za helikopta ulinivua kofia, nikaikimbilia, na nilipoinua kichwa ndege ilikuwa imeshapita juu ya nyumba za kanisa.

Jumatano niliitumia nikitazama jua. Huko linazama mapema, linajificha nyuma ya mlima, lakini nilijua kwetu linakwenda wapi na saa ngapi. Jefwa aliniletea supu, ikapoa, akaichukua. Wageni waliozibiwa barabara wakawa hawana pa kwenda, kwa hiyo viti vilifunguliwa, na nikaitwa nikavishike. Mama mmoja alitaka picha nami. Nikasimama.

Simu ilipotengenezwa, Kamande ndiye aliyepiga.

"Mzee, nilijaribu kuwazuia. Nimekwenda mimi mwenyewe pale hospitali kuwaambia simu yenu imekatika, lazima ni theluji. Mwambire akaniuliza, theluji ni nini? Nikashindwa kumweleza. Akasema, 'Ni kama mvua? Sisi mvua hutuzuia kuzika?'"

"Wamempeleka?"

"Jana magharibi, kwa pikapu. Ganze."

Nilirudi nyumbani wiki iliyofuata. Chifu hakuja kunipa pole. Nilisikia yuko Bofa, ni Ijumaa. Dorcas alikuwa amefagia uwanja wote, na pale chini ya minazi ambapo kaburi lingekaa palikuwa pamefagiwa pia, pana mistari ya ufagio tu.

Kesho yake nikaenda Ganze. Wafiwa walikuwa bado wamekaa mkekani. Nilivua viatu nikaenda kukaa nao, lakini Nyevu, mke wa Mwambire, akaniwahi.

"La, usikae chini. Mgeni hukalia kiti." Akaniletea kiti, akanipa maji kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Shemeji, nataka nionyeshwe kaburi," nikamwambia Mwambire.

"La nani?"

"La mke wangu."

Akawatazama nduguze. "Hapa kuna kaburi la dada yetu. Mke wa mtu hatukuzika." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, naye alikuwa amenisubiri hadi mwisho wa neno lake. Kisha akanawa mikono, akakaribishwa sahani ya ugali. "Ngoja nile kwanza. Nikimaliza nitafikiri kama utapelekwa."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba. Hatua chache tu, ningeinuka ningeliona. Lakini mgeni hazunguki nyuma ya nyumba ya watu bila mwenyeji.

Nikakaa pale kitini, glasi ya maji mkononi, nikimtazama akila.