Sera ya Kurasa Kumi na Moja

Mwalimu Mukhwana, Mwalimu Mkuu wetu, aliingia ofisini kwangu Jumanne, baada ya chai ya saa nne, simu ingali mkononi, akaniambia kwamba maafisa wa elimu wangekuja Alhamisi kukagua sera yetu ya wanafunzi wenye ulemavu.

"Kwani tuna sera hiyo?" nikamuuliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Wewe ndiye karani."

Nilifungua makabati yote mawili. Tulikuwa na sera ya sare, sera ya simu, na sera ya kunawa mikono iliyobaki tangu wakati wa korona. Ya wanafunzi wenye ulemavu hatukuwa nayo kwa sababu, kama alivyosema Mwalimu Mkuu mwenyewe, shule haikuwa na mwanafunzi wa aina hiyo. Na haikuwa na mwanafunzi wa aina hiyo kwa sababu kila aliyekuja alielezwa kwa upole kwamba shule haijajiandaa.

"Tafuta kwa mtandao, Celestine," akasema. "Uweke jina letu."

Nilitafuta. Nilipata sera ya shule moja ya ng'ambo, ya Kiingereza kizuri, kurasa arobaini na kitu. Nikaikata hadi kumi na moja, nikabadilisha jina la shule kila nilipoliona, nikabandika nembo yetu juu. Kufikia saa tisa Mwalimu Mkuu alikuwa ametia sahihi. Hakuisoma. Hata mimi, kusema kweli, niliipitia kama mtu anayechambua mchele: nilitafuta lile jina tu, mengine nikayaacha yapite.

Alhamisi walikuja maafisa wawili. Mkubwa wao alikuwa Bi. Nanyama, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alizifunua kurasa haraka haraka, akazihesabu, akasema hiyo ndiyo sera iliyokamilika kuliko zote alizoziona mwaka huo. Akaomba atumiwe nakala azisambazie shule nyingine. Walikunywa chai, wakaenda. Mwalimu Mkuu alifurahi hata akanituma mjini nikatie ukurasa wa kwanza kwenye fremu, tukautundika nje ya mlango wa ofisi yake.

Wiki tatu baadaye ndipo akaja Khadijah.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, aliyezaliwa na tatizo la uti wa mgongo. Alikiendesha kiti chake cha magurudumu mwenyewe, mikononi amevaa glavu za baiskeli zilizokatwa vidole. Alikuja na mamake, Zeituni, anayeuza madera na leso soko la Kibuye. Walikuwa wamehama kutoka Kaloleni wakaja kukaa Manyatta kwa dadake Zeituni, na shule iliyokuwa karibu ni yetu.

Jengo letu ni la ghorofa moja. Chini kuna ofisi, stoo na chumba cha walimu. Juu kuna madarasa ya gredi ya saba, ya nane na ya tisa. Ngazi ni ishirini na mbili.

"Mama, sisi tunawapenda sana hawa watoto," Mwalimu Mkuu alimwambia Zeituni. Waliongea mlangoni pake, kwa sababu kiti hakikuweza kupita kati ya kabati na meza. "Lakini namhurumia. Madarasa yako juu. Kuna shule yao maalum, ina kila kitu, na analala huko huko."

"Yao akina nani?"

"Watoto kama yeye."

"Kama yeye vipi? Huyu anapenda hesabu."

Khadijah hakuwa anawasikiliza. Alikuwa ameinua shingo anasoma fremu. "'Hakuna mwanafunzi atakayekataliwa wala kupelekwa kwingine kwa sababu ya ulemavu wake,'" akasoma, kwanza kwa Kiingereza, kisha akamgeuzia mamake kwa Kiswahili. Halafu akaangalia chini kabisa ya ukurasa. "Mwalimu, hii ni ya kwanza kati ya kumi na moja. Naweza kuona zile kumi?"

Nilimwona Mwalimu Mkuu akitaka kusema hapana. Lakini sera ilikuwa ndiyo fahari yake mwaka ule.

"Celestine," akasema, "mpe nakala."

Kesho yake saa nane Zeituni alirudi na Khadijah, wakaketi ofisini kwangu. Kwangu kiti kilipita.

"Dada, Kiingereza changu ni cha kuuzia nguo," Zeituni akasema. "Nataka nisikie haya kwa mtu wa shule, si kwa huyu mtoto. Nisomee kwa Kiswahili, nisije nikadanganywa."

Basi nikaketi kumsomea sera niliyoinakili mwenyewe, na ndiyo mara yangu ya kwanza kujua ilichosema. Ilisema shule ina lifti. Ilisema milango yote, pamoja na ya vyoo, ina upana wa kupitisha kiti. Ilisema mwanafunzi hatabebwa na mtu yeyote bila yeye mwenyewe kukubali, kwa kuwa mwili wake ni wake. Ilisema kila ombi la mzazi litajibiwa kwa maandishi ndani ya siku kumi. Hapo, ukurasa wa tano, tukaishia.

"Lifti iko wapi?" Zeituni akauliza.

"Bado haijafika."

"Iko njiani?"

Nikazipanga kurasa upya. Zeituni akakunja midomo. Khadijah akasema polepole, "Mtu aliyeandika hapo pa kubebwa anamjua mtu kama mimi. Daktari wangu mwenyewe hajui hayo." Nilijifanya natafuta kalamu.

Wakaomba kuandika barua, na kompyuta ilikuwa ni yangu. Zeituni alitamka, Khadijah akanyoosha maneno, mimi nikachapa. Walitaka vitu viwili tu: darasa ambalo kiti kinafika, na choo ambacho kiti kinaingia. Nikachapisha, Zeituni akatia sahihi, akanikabidhi barua niliyotoka kuichapa. Nikaipiga muhuri wa kupokelewa. Siku ya kumi nilikaa pale pale nikaandika majibu ya Mwalimu Mkuu, kwamba shule imefurahi sana kupokea ombi lao na imeunda kamati.

Khadijah aliandikishwa kwa muda. Maana yake ni kwamba alikaa kwenye veranda nje ya ofisi yangu na meza ndogo, madaftari ya wenzake yakiteremshwa kwake baada ya kila kipindi. Somo la sayansi alilisikia kupitia dirishani, kwa kuwa mwalimu wa sayansi ana sauti kubwa. Siku ya upepo kutoka ziwani alisikia vizuri, siku nyingine nusu nusu. Mwezi wa kwanza aliongoza darasa katika hesabu, darasa asilowahi kuingia.

Kamati ilikuwa ya watu saba. Ilikutana katika chumba cha walimu, kule chini, kujadili jinsi mtoto atakavyofika juu. Kikao cha kwanza kilizungumzia lifti, kikaona iombwe kwa wafadhili. Cha pili kilimwita fundi apime rampu, njia ya mteremko ya kupandishia kiti. Fundi alitembea na utepe wake uwanja mzima, akasema kwa urefu wa ghorofa ile, rampu isiyo na mteremko mkali ingetokea nje ya geti, karibu na vibanda vya barabarani. Kikao cha tatu kiliwaalika Zeituni na Khadijah.

Mwalimu Odongo, wa michezo, alisimama na pendekezo lake. Ni mtu mwema, na alisema kwa moyo safi. "Wavulana wa gredi ya tisa wana nguvu. Wanne, kila mmoja ashike pembe. Asubuhi wanampandisha, jioni wanamshusha."

"Na nikitaka kwenda haja?" Khadijah akauliza.

Odongo akaketi.

"Nisameheni," Khadijah akaendelea, "lakini mimi si gunia la omena. Nauliza tu. Hapa tulipo ni wapi?"

"Chumba cha walimu," akajibu Mwalimu Walubengo, naibu wa Mwalimu Mkuu.

"Ni kidogo kuliko darasa?"

"Vinalingana."

"Basi si walimu wapande, darasa lishuke?"

Mimi niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao sikujua niandike nini. Hatimaye Mwalimu Walubengo akasafisha koo. "Mtoto wangu, walimu ni watu wazima. Wanachoka. Ngazi zile si mchezo."

Zeituni alimtazama mpaka mzee wa watu akaanza kufuta miwani. Kamati ikaamua kukutana tena muhula ujao.

Zeituni hakungoja muhula ujao. Siku ya pili yake alifunga kibanda mapema, akavaa buibui lake la kwenda mjini, akapeleka barua zote mbili pamoja na sera katika ofisi ya elimu. Hakupiga kelele. Alimwambia Bi. Nanyama, "Mwanangu amekubaliwa kwa karatasi. Sasa naomba akubaliwe kwa mwili."

Jumatano Bi. Nanyama alikuja na msaidizi wake, bila kupiga simu. Mkononi alikuwa na nakala yake ya sera. Alimkuta Khadijah kwenye veranda, akamwangalia, akaangalia juu kwenye dirisha la darasa. Tukakusanyika chumba cha walimu: yeye, Mwalimu Mkuu, Walubengo, Zeituni, Khadijah na mimi na daftari langu.

"Nimekuja kuona sera hii ikifanya kazi," akasema. "Lifti iko wapi?"

Mwalimu Mkuu akanitazama mimi. Mimi nikatazama daftari.

"Madam, ile lifti ni... ni maono."

"Haikuandikwa ni maono. Imeandikwa ipo. Umetia sahihi hapa." Alikuwa amekasirika kweli. Akafunua mbele, akisoma kwa sauti kifungu baada ya kifungu, na kila kimoja kikimshusha Mwalimu Mkuu bega. Akafika ukurasa wa tisa. "'Wakati wa theluji, njia zote zitumiwazo na wanafunzi wenye viti vya magurudumu zitafagiliwa kabla ya...'"

Nje jua la saa saba lilikuwa linachoma mabati, hata mbuzi walikuwa wamejificha chini ya tangi la maji.

"Theluji?" akasema Zeituni.

Bi. Nanyama alivua miwani, ikaning'inia kwa kamba yake. Niliona uso wake ukibadilika, hasira ikitoka na kitu kingine kikiingia. Alimgeukia msaidizi wake na kumuuliza kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Hii tulituma shule ngapi?"

"Kumi na nane, Madam."

Mwalimu Mkuu alikuwa ametia sahihi bila kusoma, Bi. Nanyama alikuwa amesifu bila kusoma, na mimi nilikuwa nimenakili bila kusoma. Aliyeisoma yote alikuwa mtoto wa gredi ya saba.

"Tuiweke kando karatasi hii," Bi. Nanyama akasema hatimaye. "Katiba, kifungu cha hamsini na nne, inampa huyu mtoto haki ya kusoma shuleni na kufika kila mahali. Na haina theluji. Mwalimu Mkuu, chumba hiki kina viti vingapi?"

Kilichoishinda kamati kwa vikao vitatu kilichukua dakika hamsini. Madawati yalishuka, meza za walimu zikapanda. Mwalimu Walubengo alipanda ngazi na birika la chai mkononi, akipumzika kila baada ya ngazi saba. Gredi ya saba waliingia chini wakipiga kelele kama wamehamishiwa Nairobi. Khadijah alichagua nafasi karibu na ubao.

Nilimfuata pale wenzake walipotoka kwenda nyumbani.

"Khadijah, ile sera... mimi ndiye niliyeinakili. Sikuandika chochote. Hata hapo pa kubebwa."

"Najua, Madam," akasema, akifunga begi. "Ukurasa wa sita kuna jina la shule nyingine."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mngeiondoa ukutani."

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliniagiza niandike sera mpya. "Fupi," akasema. "Na tusiahidi vitu vingi." Sikwenda kwenye mtandao. Nilikwenda Kibuye, nikaketi kwenye kibanda cha Zeituni katikati ya madera, Khadijah akaniambia la kuandika. Ilitoka ukurasa mmoja. Safari hii Mwalimu Mkuu aliisoma mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, na mimi nimesimama mbele yake. Kwenye mstari wa choo kidole kilisimama.

"Hapa nikiandika 'inapowezekana'?"

"Ataleta barua, Mkuu. Utakuwa na siku kumi."

Akapumua. Akachukua simu, akampigia fundi.

Fundi alikuja Jumamosi, akabomoa ukuta wa choo kimoja cha wasichana, akapanua mlango, akaweka komeo chini mahali mkono wa aliyeketi unapofika. Jumatatu saa nne Khadijah alikwenda kukijaribu. Mwalimu Mkuu akaja, Mwalimu Odongo akaja, Walubengo akateremka ngazi zote ishirini na mbili, na mimi nikaitwa nije na simu nipige picha ya ukumbusho ya kumtumia Bi. Nanyama. Kiti kikaingia bila kugusa pembeni. Mlango ukafungwa. Tukasikia komeo.

Tukabaki tumesimama pale, watu wazima wanne kwenye mstari, tukitabasamu. Mwalimu Mkuu akaanza kuandaa maneno machache.

"Mwalimu?" sauti ya Khadijah ikatoka ndani.

"Ndiyo, binti yangu! Kiko sawa?"

"Kiko sawa. Ondokeni basi."

Tukaondoka.