Gadi wa Gongo la Mboto

Mbwana Kombo aliendesha treni ya mizigo miaka thelathini na minne, na miaka yote hiyo hakubeba abiria hata mmoja. Alibeba saruji, alibeba mbolea, alibeba pamba, alibeba ng'ombe walionya mpaka breki zikanuka. Lakini mtu aliyekata tiketi yake, akakaa, akachungulia dirishani, huyo hakumpata. Treni za abiria walipewa wenzake. Jambo hilo lilimkaa rohoni, akastaafu nalo, akaja nalo nyumbani kwake Gongo la Mboto, na ndiyo sababu uwanja wake leo una reli.

Usicheke. Reli kabisa, wala si ile ya kuchezea mezani. Robo mita kutoka chuma hadi chuma, mataruma ya mbao yaliyolowekwa oili chafu, na kokoto chini yake. Alivyoijenga, ilianzia barazani, ikapita kisimani, ikapinda nyuma ya jiko, ikazunguka nyumba na kurudi barazani. Kichwa cha treni kinaendeshwa na injini ya bajaji iliyogongwa Ubungo, na bodi yake aliichomelea fundi mmoja wa Chang'ombe ambaye mpaka leo anawasimulia wateja wake nao hawamwamini. Mabehewa ni matatu. Kila moja anakaa mtu mzima kwa kutanua miguu, kama aliyepanda punda.

Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mkewe, Mwanabaraka, hakusema neno. Mwaka wa pili alisema kwamba mchicha wake umefunikwa na kokoto na kwamba yeye hakuolewa stesheni. Mbwana aliona mambo yanaharibika, akaja na maneno matamu, ila matamu ya kireli. Akamweleza kwamba treni haiondoki bila gadi. Dereva hata aione njia nyeupe mbele yake mpaka Morogoro, haachii breki mpaka gadi wa nyuma ampe bendera ya kijani. Mwanabaraka akamuuliza huyo gadi atatoka wapi, na humu ndani wapo wawili tu tangu binti yao Raudha aende Lindi. Mbwana akamwambia gadi ni yeye.

Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini wiki iliyofuata alikata kanga yake kuukuu ya kijani, akaikunja pindo na kuishona vizuri, na nyekundu akaitengeneza vilevile. Tangu hapo akawa anatoka mwenyewe kuuliza kazi imefika wapi. Mbwana alipojaribu treni kwa viroba vya mchanga, Mwanabaraka alisimama nyuma na kupunga bendera, uso umekaza kama mwajiriwa wa serikali. Mbwana alifurahi sana siku hizo, na hakuficha.

Siku ikapangwa. Jumapili, baada ya Alasiri, treni ingebeba watu. Abiria wa kwanza angekuwa Bi Tabu, dada yake mkubwa, kutoka Chang'ombe. Wa pili Venance, gadi wa kweli, aliyesafiri naye miaka kumi na moja nyuma ya mizigo. Na majirani watakaopenda. Mbwana hakulala vizuri wiki nzima. Alishaona sura ya dada yake amekaa behewani, mkoba mapajani, yeye mbele ameshika breki.

Jumamosi Mwanabaraka alikwenda Temeke kwenye shughuli ya kumtoa mtoto wa mpwa wake. Mbwana akabaki na ukaguzi wa mwisho. Viroba vilikuwa vimepita kote salama, lakini viroba havina magoti. Akakaa mwenyewe behewa la katikati, akajisukuma taratibu kwa fimbo ndefu, na alipofika kwenye kona ya nyuma ya jiko, goti lake likagonga mkomamanga uliosimama kando ya njia. Akarudi, akajaribu tena, likagonga tena.

Sasa hapa ndipo kazi ya mtu inapomponza. Kule relini, kitu chochote kilichosogelea njia kinaondolewa. Haulizwi mwenye mti, wala mti haulizwi. Mbwana aliona miembe mingapi ikiangushwa toka Pugu mpaka Kigoma, na hakuna aliyepepesa jicho. Basi alichukua panga, panga likashindwa, akachukua msumeno. Nusu saa baadaye mkomamanga ulikuwa chini. Akakusanya matawi, akafagia majani, akarudia jaribio, goti likapita. Akajipongeza. Alidhani na mkewe atampongeza, kwa kuwaokoa watu na michubuko.

Mwanabaraka alirudi karibu na Magharibi, akazunguka nyuma kutafuta mkaa. Mbwana alimwambia tangu akiwa barazani kwamba ameuondoa ule mti, ulikuwa ndani ya njia. Mwanabaraka akauliza kama ameukata yeye mwenyewe. Akajibiwa ndiyo. Basi, hakuongeza neno, si wakati wa kula wala wakati wa kulala, na Mbwana, Mungu amsamehe, akadhani ni uchovu wa shughuli.

Jumapili Mwanabaraka alipika pilau, na pilau ikakubali. Alimpokea wifi yake kwa shikamoo na kumbatio, akamkaribisha Venance, akagawa sahani. Ungemtazama usingejua kitu. Watu wakala, wakaswali walioswali, wakatoka uwanjani. Bi Tabu akasaidiwa kukaa behewa la kwanza, kweli mkoba mapajani. Venance akakaa la pili. La tatu likaachwa kwa jirani mmoja ambaye bado alikuwa akijishauri. Mbwana alivaa kofia yake ya kazi, akawasha injini, akageuka nyuma kutafuta bendera.

Hapakuwa na bendera. Hapakuwa na gadi. Akangoja. Akapiga honi mara moja, kistaarabu, kisha mara ya pili. Majirani wakaanza kutazamana. Mwishowe akashuka, akaingia ndani, akamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda jikoni anasugua sufuria la pilau. Akamwambia abiria wamekaa, treni inamngoja yeye.

"Mie si gadi wako," Mwanabaraka alisema. "Mwite Venance."

Mbwana alimuuliza amekosa nini. Mkewe aliongeza mchanga kwenye sufuria akaendelea kusugua. Mbwana akarudi nje amechanganyikiwa. Venance, ambaye hakuhitaji kuelezwa, alikuwa ameshasimama na kutoa leso mfukoni. Akasema leso ni leso, gadi ni gadi, waondoke tu, wazee wasichomwe na jua.

Mbwana akakaa, akaweka mkono kwenye breki. Abiria huyo nyuma yake, aliyemtaka tangu ujana wake. Leso hiyo inapungwa. Kilichobaki ni kuachia tu. Mkono ukakataa. Njia hii ilikuwa na gadi mmoja, alimteua mwenyewe, na gadi huyo amezuia treni isitoke. Kwenye kazi yake hakuwahi kumdharau gadi, hata wale walevi. Akazima injini.

Bi Tabu akauliza kuna nini. Akamweleza kwamba Mama Raudha amenuna tangu jana, na yeye hajui sababu, labda ni ule mkomamanga alioukata.

"Mkomamanga gani?" Bi Tabu aliuliza.

"Ule wa nyuma ya jiko, dada."

Bi Tabu alishuka behewani bila kusubiri mkono wa mtu, na kwa magoti yake yale si jambo dogo.

"Mbwana," alisema, "chini ya ule mti kuna kitovu cha Raudha. Shimo nililichimba mie kwa mkono huu. Kilidondoka siku ya saba, tukakungoja uje ukifukie wewe, baba mtu. Tukangoja mpaka siku ya kumi na mbili. Ukaleta salamu kwamba uko Tabora na mbolea. Mkeo akapanda mche mwenyewe, yuko ndani ya arobaini."

Mbwana alikumbuka safari ile. Njia ilikatika kwa mvua upande wa Dodoma, wakalala ndani ya treni siku tisa. Alipofika nyumbani mtoto alikuwa na siku ishirini. Alikiona kijiti kimezungushiwa miiba nyuma ya jiko, na hakuuliza ni cha nini. Miaka thelathini hakuuliza. Raudha sasa ni mwalimu Lindi, na kila akipiga simu, shikamoo baba ikishapita, swali linalofuata ni mkomamanga wangu haujambo? Yeye alikuwa akimjibu kwamba mwaka huu umezaa vizuri. Alidhani mtoto anapenda matunda. Aliona aibu, aibu hasa, ya kutamani ardhi ipasuke akiwa na kofia yake kichwani.

Hakwenda jikoni kuomba radhi. Alikwenda stoo akatoka na spana. Akazunguka mpaka kwenye ile kona, akapiga magoti kwenye kokoto na suruali yake iliyonyooshwa, akaanza kufungua bolti. Venance alimfuata kumuuliza anafanya nini. Mbwana akamwambia njia inaishia hapa. Venance alimtazama, akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akaomba spana nyingine.

Wakang'oa vipande vinne vya reli, vyote vilivyopita ubavuni mwa kile kisiki. Wakatoa mataruma. Kokoto Mbwana alizizoa kwa mikono mpaka udongo ukaonekana mweusi. Zile reli zilizopindwa kwa moto Chang'ombe, moja moja, mwaka mzima, alizilaza ukutani kama hazimhusu. Mwisho wa njia, hatua tatu kabla ya kisiki, akafunga gogo la kuzuia treni. Bi Tabu alikuja akakiinamia kisiki, akasema shina ni zima, kikinyweshewa kitachipua. Mbwana akachota ndoo kisimani akamwagia.

Alipoinuka, Mwanabaraka alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono imelowa. Haikujulikana alikuwa hapo tangu saa ngapi.

"Sasa treni yako itazungukaje?" aliuliza.

"Haizunguki tena," Mbwana alisema. "Itakuja mpaka hapa kwa Raudha, halafu itarudi nyuma."

"Dereva akirudi nyuma haoni."

"Haoni. Anayeona ni gadi. Anakaa behewa la mwisho, na treni ikirudi yeye ndiye anayekuwa wa mbele. Bila gadi naweza kuja, Mama Raudha, ila kurudi siwezi."

Mwanabaraka akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Majirani wakajifanya wanatazama kisima.

"Kutorudi umeshazoea," alisema. "Mie nilikuwaga nalea mtoto peke yangu, naambiwa mumeo yuko Tabora."

"Ni kweli," Mbwana alisema. "Nisamehe."

Mwanabaraka aliingia ndani, na waliokuwepo wakaona mambo yameisha, ikabaki kuaga. Venance alishaanza kuvaa koti lake. Mbwana hakusogea. Kisha Mwanabaraka akatoka kwa mlango wa mbele amevaa baibui, bendera mbili kwapani, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akamwambia jirani aliyekuwa ameshika behewa la tatu asogee. Akakaa.

Watu wakarudi mahali pao. Bi Tabu na mkoba wake, Venance na magoti yake yenye vumbi. Mbwana akawasha injini, akageuka, na bendera ya kijani ikapungwa. Akaachia breki.

Ilikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Ilipita kisimani, ikapinda nyuma ya jiko, magurudumu yakilia. Bi Tabu njia nzima alikuwa akichungulia huku na huku, nyumba ileile anayoijua, kuta zilezile, sufuria lililosuguliwa limeinamishwa juani. Hatua tatu kabla ya kisiki Mbwana akafunga breki. Akavuta gia ya kurudi nyuma, ile gia ya bajaji ambayo hakuwahi kuihitaji, akageuza shingo. Aliona mabega ya Venance, na nyuma yake mkono wa mkewe umenyooshwa pembeni na bendera nyekundu.

Ile nyekundu ilikaa juu. Ikakaa. Jua likapita kwenye bati la jiko, injini ikaanza kukohoa, Venance akakohoa pia. Mkono haukushuka. Mbwana hakupiga honi wala hakuita. Aliweka mkono kwenye breki akatulia, kwa kuwa naye aliwahi kungojwa, siku kumi na mbili.

Bi Tabu akamgusa bega, akamuuliza kuna nini tena.

"Hakuna kitu, dada," Mbwana alisema. "Tunamngoja gadi."