Mjusi Asiyekimbia

Nabalayo aliniambia kwamba yeye hana neno, nikitaka kumwoa nimwoe, ila mwenye kuamua ni Truphosa. Truphosa ni bintiye, aliyempata kwa marehemu mumewe. Tangu nianze kuwatembelea pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, mtoto huyo hakuwa amenitamkia neno hata moja. Nikiingia, yeye hutoka. Mimi Khaemba, karani wa mizigo, mwenye koti na kofia, nilikuwa nakosa usingizi kwa sababu ya mtoto asiye na meno ya mbele.

Jumapili moja alimnong'oneza mamake, kisha akatoka kama kawaida.

"Anataka mjusi wa kufuga," Nabalayo akaniambia. Alikuwa yaya kwa mzungu mmoja upande wa juu wa mji. "Mtoto wa kule kwa kazi ako na moja kwa sanduku. Mimi siwezi kushika kitu kama hiyo. Jaribu wewe."

Nikacheka kwa dharau. Mjusi tu? Nilidhani nimepewa mke bure.

Nilianza na wale wa ukutani, kwa kuwa walikuwa wapangaji wenzangu. Nilipanda juu ya kiti, nikamvizia mmoja, nikamshika barabara. Nilipofungua kiganja nilikuta mkia peke yake, unacheza. Mwenyewe alikuwa juu darini ananitazama. Nilifikiria kumpelekea Truphosa ule mkia, jambo linaloonyesha nilivyokuwa nimechoka akili.

Joash, mwenzangu kazini, alinishauri kama mtu aliyezaliwa kati ya mijusi. "Mtu akianza, aanze na kubwa. Haiwezi potea." Nikaenda Mto Njoro kutafuta kenge. Nilimpata, au tuseme yeye ndiye aliyenipata. Alivimba shingo, akanifokea, akaupiga mkia chini. Nilirudi mjini na kiatu kimoja.

Hapo nikatambua kwamba mtu wa umri wangu anahitaji mjusi asiyekimbia. Na yupo mmoja tu. Alikuwa kwenye ua wa nyuma ya stoo, anatembea kama mtu anayesahau anakokwenda: kinyonga.

Sasa, mimi ni Mbukusu. Kwetu kila mtoto hukua akijua kwamba zamani kinyonga alimwomba mtu chakula, mtu akamnyima, naye akatulaani tufe. Kanisani mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kukemea mambo hayo ya kizamani, tena kwa sauti. Nilimkaribia yule mnyama hatua mbili mbele, moja nyuma. Nilimpandisha kwenye kijiti kirefu, nikakishika mbali na mwili wangu, nikavuka mji mzima hivyo. Sijawahi kupishwa njia vile. Hata askari alivuka barabara.

Nabalayo alikuwa amepika kuku. Aliponiona mlangoni alirudi nyuma mpaka ukutani. "Khaemba, umetuletea kifo kwa nyumba?"

Lakini Truphosa, aliyezaliwa mjini na asiyewahi kusimuliwa kisa kile, alinyoosha mkono. Kinyonga akapanda kidole, akapanda mkono, akatulia begani. Kwa mara ya kwanza mtoto hakutoka nje, akaketi nasi mezani na mgeni wake.

Nabalayo akaniwekea sahani. Juu ya ugali ilikuwa firigisi. Kwetu firigisi hapewi mtu ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na mke akikuwekea amekwisha kusema yote bila kufungua kinywa. Nilikuwa nimeisubiri firigisi ile tangu mvua za mwaka uliopita.

Nikanyoosha mkono kuichukua, nikaona jicho moja la kinyonga limenigeukia. Jicho lile lingine lilikuwa linatazama sahani. Ikanijia kwamba watu watatu wanataka kula mbele yake na hakuna aliyemkaribisha.

Nilimega ugali, nikauchovya kwenye mchuzi, nikampelekea. Hakuugusa. Jasho likanitoka. Pengine ameudharau, nikawaza, yeye si wa kupewa ugali mtupu. Ndipo nikafanya ujinga ambao hata leo nikiukumbuka masikio yanawaka: nilichukua firigisi yangu kwa mikono miwili, nikainama, nikamwekea mbele yake. "Karibu, mzee," nikamwambia.

Nabalayo aliweka mwiko chini. Uso wake ulikunjika. Mwanamke amenipa nyumba yake, nami nimeigawa kwa kinyonga mbele ya macho yake. Nilijua nimekwisha. Nikashika kofia yangu.

Truphosa alimtazama mamake, akanitazama mimi na kofia yangu, kisha akaitazama firigisi.

"Huyu hakuli nyama ya kuku," akasema. Alikuwa anasema na mimi. "Anakula inzi. Hata wewe hujui?"

"Sijui, mama," nikamjibu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Akaichukua firigisi, akaipangusa kwa nguo yake, akairudisha juu ya ugali wangu. Akaisukuma sahani mpaka ikagusa kifua changu.

"Hii ni yako," akasema. "Kula."