Wake Arobaini wa Fundi Baiskeli

Shemeji yangu alifukuzwa hoteli ya mjini alikokuwa akibeba mizigo, akarudi nyumbani na fimbo yenye kichwa cha simba na maneno mengi kuliko nguo.

"Wageni wamechoka na mabwawa ya kuogelea," alitangaza sebuleni kwa mama yake, miguu juu ya meza. "Sasa wanataka mila. Na mila si ndiyo hii tunaikalia bure?"

Mila yenyewe ilikuwa nyumba ya bati ya mama mkwe, yenye friji inayokoroma kama mlevi. Mume wangu, ambaye hajawahi kumkatalia mdogo wake neno, alimsaidia kutundika mikeka ili friji isionekane. Televisheni ikasukumwa chini ya kitanda. Mimi, mwalimu wa chekechea, nikavishwa gunia lililoshonewa shanga, nikapewa jiwe la kusagia. Jiwe hilo siku zote lilikuwa likizuia mlango wa choo usijifunge.

"Shemeji, saga kwa huzuni kidogo," alinielekeza. "Wageni wanapenda huzuni."

Tukambandika jina: Mkurugenzi.

Na wageni wakaja kweli, watu wazima na akili zao. Walipiga makasia kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, ambalo sasa liliitwa Ziwa la Mizimu. Walipiga picha mbuzi kana kwamba mjini mbuzi wamekwisha. Kigoda cha kinyozi kilikuwa kiti cha enzi, wakakikalia kwa zamu. Mama mkwe aliwekwa barazani, akaambiwa asiseme kitu: yeye alikuwa Bibi wa Miaka Mia. Hata sabini hajafika, na cherehani yake alikuwa ameifunika mwaka juzi tu.

"Mtoto akililia wembe, mpe," aliniambia, akaketi.

Jumamosi moja uongo wa mbele ya nyumba ulimwishia Mkurugenzi, akawapeleka wageni uani, kwenye kaburi. Mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni, dirisha wazi.

"Hapa amelala shujaa," tulimsikia. "Aliua simba kwa mikono mitupu. Aliacha wake arobaini, na wote walimlilia mpaka sauti zikakauka!"

Kaburi lile ni la baba yake mzazi, fundi baiskeli.

Mama mkwe alitoka na mwiko mkononi, unachuruzika mchuzi.

"Arobaini? Hao wenzangu walikuwa wanalala wapi? Mbona nguo zake nilifua peke yangu? Mbona alipougua nilimgeuza kitandani peke yangu?"

"Mama, kuna wageni..."

"Koma! Baba yako alikuwa akimkimbia hata jogoo wa jirani. Lakini alikusomesha kwa kuziba pancha, na hakuwahi kumwambia mtu tairi limepasuka kumbe zima. Leo amekuwa mdogo kwako, mpaka umuazimie simba?"

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho! Bwana mmoja mwenye kofia pana akasogea na simu yake.

"Mama, unaweza kurudia hapo pa jogoo? Nilikuwa sijawasha."

Mama mkwe alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Nenda kampige picha mama yako akilia," akasema. "Kisha uje unionyeshe."

Walirudi kwenye gari lao mmoja mmoja, hakuna aliyeaga.

Jioni hiyo nilivua gunia nikalitia motoni, shanga na yote. Mume wangu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alimwambia mdogo wake, "Hamisha vitu vyako." Mama mkwe alichukua jembe, akaenda kung'oa majani pembeni mwa kaburi, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilimwacha.

Mkurugenzi sasa yuko kwenye banda kuukuu kando ya barabara kuu, analiita ikulu ya kale. Wageni wanajaa, mjinga hakosekani duniani. Jumapili anakuja kwa mama yake kula. Anapakuliwa, tena minofu, kwa sababu ni mwanawe. Habari za kazi tu ndizo haulizwi.