Ufa na Ndevu za Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye msimamizi wa karakana inayomwaga boriti za zege za daraja. Ana vitu viwili vya kujivunia duniani: boriti zake, na ndevu zake, ambazo huzichana hata akiwa kazini.

Mimi niko maabara, zinakopimwa. Kazi yangu ni kulala chali chini ya boriti iliyopakwa chokaa huku jeki ikiikandamiza kwa juu, nikitafuta ufa wa kwanza. Ufa ukitokea kabla geji ya mzigo haijafika mstari mwekundu, boriti imefeli, na zote zilizomwagwa pamoja nayo haziendi darajani.

Asubuhi hiyo mtu wa pampu inayosukuma jeki aliumwa. Shemeji, aliyekuja "kuangalia tu", akajitolea kushika pampu. Nikajua hapo pana namna.

Geji ilikuwa bado mbali na mstari mwekundu nilipouona, mwembamba, umenyooka kwenda juu.

"Ufa!"

Psss. Shemeji akafungulia vali. Mzigo ukatoka, na zile nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege zikaibana boriti kama zilivyokusudiwa. Mkuu wa maabara alipofika na miwani yake, ufa ulikuwa umefumba mdomo.

"Uko wapi?"

"Umejifunga, mkuu. Shemeji ameachia pampu."

"Nilishtuka, jamani," akasema shemeji, mkono kifuani. "Shem kapiga kelele, nikadhani kaumia."

Tukarudia. Nikapiga kelele, naye akashtuka tena, maskini, na moyo wake mwepesi. Mkuu akavua miwani.

"Najua nyufa hizi hujifunga. Lakini siwezi kutia saini kwa ufa nisiouona. Ukiniita bure tena, kesho uko stoo unahesabu mifuko."

Stoo! Mimi! Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Shemeji akanikonyeza. Nikajikaza, nikamrudishia tabasamu.

"Labda macho yangu yamechoka, shem. Tubadilishane. Wewe lala chini, mimi nipige pampu."

Alikubali upesi mno. Nikamwona akivuta kopo la chokaa mbichi kwa mguu, taratibu, akijifanya hamnazo. Kule chini peke yake angeuziba ufa kwa kidole, na mchezo ungeishia hapo.

Nikapiga pampu, nikachungulia. Ufa umefunguka vizuri, na shemeji uso juu, pua karibu iguse zege, anapaka. Ndevu nazo zinapaka.

Psss.

"Aaah! Shem! Shem!"

"Nimeshtuka," nikasema.

Mkuu akaja mbio, akainama. Shemeji alikuwa amening'inia kidevu, chokaa hadi kwenye nyusi, ndevu zimeng'atwa na boriti yake mwenyewe.

"Umeona ufa?" mkuu akamuuliza.

"Hakuna ufa, mkuu," akajibu bila kufungua meno.

"Basi toka huko tukanywe chai."

Hakutoka. Nikapangusa mikono yangu kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ofisini kuna mkasi, shem. Nikuletee?"

Akafumba macho. Nadhani aliziona boriti zake zote zimepangwa uani, kisha akaiona sura yake bila ndevu.

"Pandisha mzigo, shem," akanong'ona.

"Sisikii."

"Pandisha mzigo! Ufa ufunguke!"

Mkuu akavaa miwani, akaitazama geji, kisha akalala chali kando ya shemeji.

"Haya," akaniambia. "Pandisha polepole. Nataka kuuona."